Masisi na Walikale: mutuhesabu kwanza, ndipo mubishane

Kila wiki kwenye simu zetu inazunguka odio ao karatasi inayosema kwamba kabila fulani ndilo lenye watu wengi katika Masisi, wengine ni wachache, na kwa hiyo ardhi, usultani na viti vya bunge ni vya wale wengi. Kesho yake inatoka karatasi ya upande mwingine na hesabu tofauti kabisa. Kazi ya mwandishi wa redio ni kuuliza: hesabu hiyo mumeitoa wapi? Hakuna anayejibu, na hawezi kujibu, kwa sababu nchi hii ilihesabu watu wake mara ya mwisho katika mwezi wa saba mwaka 1984.

1984, ndugu wasomaji! Nchi ilikuwa Zaire. Mobutu alikuwa bado na miaka 13 ya kutawala. Jimbo la Kivu Kaskazini lenyewe lilikuwa halijazaliwa, lilikatwa kutoka Kivu kubwa mwaka 1988. Siku zile walipata watu karibu milioni 30 nchi nzima. Leo tunaambiwa tumepita milioni 100, lakini hayo ni makadirio ya kuzidisha na kuongeza mezani. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya hesabu amepita miaka 40, ana watoto, pengine na wajukuu, na serikali haijawahi kupita nyumbani kwao hata mara moja kuuliza: muko wangapi humu?

Majirani wanafanya. Rwanda na Tanzania walihesabu mwaka 2022, Uganda na Burundi mwaka 2024. Marekani wanahesabu kila miaka kumi tangu 1790, na kwa hesabu hiyo wanagawa viti vya bunge lao. Wanahesabu kila mtu anayelala katika nyumba, awe raia ao asiwe raia. Kuna watu wa kwetu waliokimbia vita, wakakaa miaka mingi katika kambi ya Kiziba kule Rwanda ao Nakivale kule Uganda, halafu wakapelekwa Marekani. Mwaka 2020 wamehesabiwa huko ugenini. Mjomba wao aliyebaki hapa kwenye shamba lake, hesabu yake ni ile ya Mobutu.

Sisi badala ya hesabu tuna kadi ya uchaguzi. Viti 500 vya bunge la taifa vinagawanywa kufuatana na watu walioandikishwa na CENI, si kufuatana na watu wanaoishi. Mtoto hayumo. Aliyekuwa porini siku ya kuandikisha hayumo. Tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilichagua, lakini Masisi na Rutshuru hazikuchagua sababu ya vita. Walikale ilichagua, lakini Walikale ina kilometa mraba zaidi ya 23,000, inakaribia Rwanda nzima kwa ukubwa, na barabara zake munazijua. Mtu wa ndani ya Wanianga akitembea siku mbili kufuata kituo cha kuandikisha, wangapi watamfuata? Tena kadi hiyo hiyo ndiyo kitambulisho chetu. Mwaka 2023 Rais alipewa kadi ya kwanza ya kitambulisho kipya kule Kinshasa, watu wakapiga makofi. Huku bado tunashika kadi ya uchaguzi iliyofutika maandishi, na kwenye kizuizi barabarani mtu anadharauliwa kwayo.

Muulizeni muuguzi yeyote wa kituo cha afya. Dawa na chanjo zinakuja kufuatana na idadi ya watu iliyoandikwa mwanzoni mwa mwaka. Vijiji vitatu vikikimbilia kwake usiku mmoja, anabaki na dawa za watu wa jana. Tarehe 19 Machi 2025 M23 waliingia Walikale-centre, mji ukamwagika msituni, na mwanzoni mwa Aprili wakaondoka. Mwezi wa pili mwaka huo huo wahami wa Masisi waliokuwa kambini Bulengo na kwingine karibu na Goma waliambiwa warudi kwao. Ofisi gani ya serikali ina orodha ya waliofika na wasiofika?

Kuna wanaosema hesabu italeta damu. Siwacheki. Mwaka 1991 serikali ilitaka kutambua nani ni raia, Masisi ikavurugika, na Machi 1993 mauaji yakaanzia sokoni Ntoto, huku Walikale, yakapanda Masisi yote. Lakini angalieni swali lililoulizwa siku zile: babu yako alitoka wapi? Wabelgiji wenyewe ndio walioleta familia kutoka Rwanda kuanzia 1937, wakaziweka Gishari, na waliziandika. Uraia una sheria yake, ya 2004, na nani ni raia si kazi ya anayehesabu nyumba. Yeye anauliza: unaishi wapi, muko wangapi, watoto wanasoma? Basi.

Wengine wanasema haiwezekani vitani. Mbona watu wa chanjo ya polio wanapita, wanaandika kwa chaki kwenye mlango? Mbona mashirika ya msaada yanapata majina? Tena sote tunajua michezo ya orodha zile: msaada ukija kijiji kina familia elfu, kodi ikija kina mia mbili.

Mimi naona hivi: kutokuwa na hesabu ni shamba la watu. Mwanasiasa analima humo, kamati za kabila zinalima humo, na wenye bunduki wa kila upande wanalima humo. Idadi ya kweli ingewanyima maneno.

Tuanzie kwa watoto. Sheria inasema mtoto aandikishwe bure ndani ya siku 90. Lakini ofisi iko mbali na mama anaogopa njia. Wekeni kitabu cha vizazi katika kila kituo cha afya, kuanzia Katoyi na Bashali mpaka Bakano, na nakala yake ikae nje ya vita, maana vitabu vinaungua.

Na nyinyi wabunge munaokaa Kinshasa kwa jina la Kivu Kaskazini, bajeti ikija mbele yenu muulize mambo mawili: hesabu ya watu inaanza tarehe gani, na pesa yake imeandikwa kwenye ukurasa gani? Mukipata jibu, redio iko wazi, tutawapa maikrofoni.