Sogea Kwanza Wewe wa Mbele!

Leo tunaongea kompyuta, lakini usinikimbie, maana tunaanzia kwenye boti ya Mbwera, kule delta ya Rufiji.

Benchi limejaa, nahodha anasema: "Sogeeni mbele jamani, wenzenu wanaingia." Nani anaanza? Wa mbele kabisa, si ndiyo? Akianza wa nyuma, anamkalia mwenzake mapajani. Kasheshe!

Memori ya kompyuta nayo ni benchi. Kuna kipande cha programu kinaitwa memcpy, kazi yake kunakili data kutoka sehemu moja ya memori kwenda nyingine. Tofauti ni kwamba huku anayekaliwa hapigi kelele, anafutika! Ndiyo maana sheria yake inasema sehemu hizo mbili zisipandiane. Zikipandiana, mwite ndugu yake, memmove, ambaye huangalia kwanza aanzie mbele au nyuma.

Sasa sikia. Adobe Flash Player, iliyokuwa ikichezesha video kwenye intaneti, haikuijali sheria hiyo. Na mambo yakaenda poa tu, kwa kuwa memcpy ya kwenye Linux ilizoea kuanzia mbele. Mwaka 2010 mafundi wa glibc, ghala linalotunza memcpy, wakaiongezea kasi kwa baadhi ya prosesa za Intel, na sasa ikawa inaanzia nyuma. Watumiaji wa Fedora 14 wakifungua muziki, sauti inakwaruza!

Zogo likazuka. Wengine wakasema kosa ni la Flash, ijirekebishe yenyewe. Kisheria walikuwa sahihi. Lakini Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akawajia juu: mtumiaji hana habari na sheria za mafundi, anachotaka ni kitu chake kifanye kazi.

Dawa ilipatikana 2011, kwenye glibc 2.14. Programu za zamani zikiita memcpy, zinapewa njia salama ya memmove. Zinazoundwa upya ndizo zinapata ile ya kasi. Kila mtu akapata siti yake.

Flash yenyewe ilizikwa mwishoni mwa 2020, ila somo limebaki. Wewe unayevunja utaratibu kila siku na hudhuriki, usijione mjanja, pengine nahodha alikuwa anaanzia upande wako tu. Nawe nahodha, ukibadili utaratibu, usimtose abiria majini eti hakusoma kibao.

Tukutane wiki ijayo!