Nesi wa Igogo, sehemu ya 14: Leo tuongelee muvi za kutisha

Wiki mbili zote tumekuwa kwenye uji wa mtoto na chanjo, leo naomba nipumzike kidogo. Juzi kuna dada alinikuta kwenye daladala naangalia muvi kwenye simu. Akachungulia, akaona damu, akaniuliza, "Nesi, damu za kazini hazikutoshi?" Nilicheka tu. Jibu lake ndo hili hapa.

Muvi za kutisha nimezianza zamani, kibanda umiza. Mabati juu, mabenchi ya mbao, TV ya chogo moja, watu hamsini mnanukia jasho na karanga. Nilikuwa naingia kwa hela ya chumvi, halafu nyumbani nasema imedondoka. Picha nyingi zilikuwa zimetafsiriwa na Lufufu, na hapo ndipo nilijifunza kitu cha kwanza kabisa: ukiongea juu ya picha ya kutisha, hofu inakimbia. Lufufu akianza utani wake, jitu lenye panga linageuka kichekesho, watoto wanacheka mpaka benchi linaanguka. Kwenye picha za kivita namkubali sana. Kwenye za kutisha, jamani, naomba anyamaze.

Maana kinachotisha ni ukimya. Kama hamjaiona A Quiet Place, ya mwaka 2018, itafuteni. Kuna viumbe havioni ila vinasikia, ukitoa sauti tu umekwisha. Familia inatembea peku, inaongea kwa ishara kwa sababu binti yao ni kiziwi (na yule binti, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli, haigizi). Sasa mama yao ni mjamzito. Uchungu unamshika, yuko peke yake, na haruhusiwi kupiga kelele. Mimi nimezalisha miaka, najua sauti ya mama anayesukuma inafika mpaka barabarani. Niliangalia ile sehemu nimeuma kanga. Kijana wake anawasha fataki huko nje ili mama apate sekunde chache za kupiga kelele, na mimi nikapiga naye. Mume wangu alitoka chumbani na fimbo.

Kitu cha pili ni kuficha. Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, ile ya papa ya mwaka 1975, papa wa mashine alikuwa anaharibika kila mara majini. Ikabidi apige picha nyingi bila papa: maji tu, muziki, miguu ya watu wanaoogelea. Ndo ikawa kali kuliko papa mwenyewe, maana papa akitoka unaona kabisa ni plastiki. Sisi wa ziwani hilo hatuhitaji kufundishwa. Mtu aliyekulia huku anajua mamba usiyemuona ndo wa kuogopa, yule anayeota jua kwenye mwamba unampita kwa mbali na maisha yanaendelea.

Za kwetu je? Mnanichekaga nikisema nazipenda Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Ndiyo, damu yake inaonekana ni rangi, na sauti zinapanda na kushuka kama redio yenye betri kuukuu. Lakini kochi lina kitambaa kilekile cha kwa shangazi yako, pazia ni lile lile, mlango wa chooni unalia kama wako. Mzimu wa Kizungu unakaa kwenye jumba la vyumba ishirini, ukizima TV umeuacha hukohuko. Shumileta, jini mrembo, ukizima TV unakuwa naye sebuleni. Umeme ukikatika hapa mlimani Igogo, nyumba zimebebana juu ya mawe, jirani akikohoa unadhani yuko chini ya kitanda chako, hapo nakwambia utaikumbuka picha ya Bongo, hutaikumbuka ya Hollywood.

Na sasa nifike kwenye ile inayonisumbua, The Exorcist. Ya mwaka 1973, ina umri kunishinda, na bado sijaona inayoifikia. Mtoto wa kike anabadilika, kitanda kinatikisika, kichwa kinageuka mpaka nyuma. Kila mtu anakumbuka kichwa. Mimi ninachokumbuka ni hospitali. Mama yake kabla ya kwenda kwa mapadri anampeleka kwanza kwa madaktari, vipimo juu ya vipimo, na kuna sehemu wanamchoma sindano shingoni apigwe picha ya mishipa ya kichwa. Hakuna shetani pale, ni mashine tu na mtoto anayeogopa. Niliangalia pembeni, mimi ambaye kuchoma sindano ndo ugali wangu.

Inanisumbua kwa sababu ile picha inatisha kwa kutumia kitu ambacho mama wa kweli anakiona usiku nyumbani kwake. Mtoto anakakamaa. Macho yanageuka yanabaki meupe. Mikono inatikisika, povu mdomoni, ukimwita hakusikii. Kwenye muvi hilo ni pepo. Nyumbani hiyo ni degedege, na mara nyingi imeletwa na homa kali, hasa kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, na huku kwetu malaria ni mshukiwa wa kwanza.

Kuna mama mmoja aliletwa alfajiri nikiwa zamu, amembeba mtoto kwenye khanga. Degedege lilianza saa tano usiku. Ndugu walikuwa wameshaona muvi za kutosha, wote wakajua wanachokiona. Wakafukiza, wakaombea, wakamwekea kijiko mdomoni mpaka fizi ikachanika. Saa kumi na moja ndo wanapanda bodaboda. Tulimpa dawa ya kukata degedege kwa njia ya haja kubwa, kipimo kikaonyesha malaria, akaanzishiwa sindano za artesunate. Alipona. Lakini zile saa sita bado nazihesabu.

Siwaambii msiombe. Ombeni mkiwa kwenye bodaboda. Mlaze mtoto kwa ubavu, mlegezee nguo, usimwekee chochote mdomoni, si kijiko, si maji, si dawa ya kunywa, halafu tokeni. Kwenye muvi tunalipia ile kusubiri, ndo utamu wenyewe, mlango haufunguki, haufunguki. Kwa mtoto anayekakamaa hakuna utamu huo.

Na wadogo msiwawekee hizi muvi, mtoto wa miaka 4 hajui kuwa ile damu ni rangi. Rimoti iwe mkononi mwako.

Kwa wanaotaka kuanza taratibu, anzeni na Jordan Peele. Get Out ya 2017 inafunguka na wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, umeimbwa kwa Kiswahili kabisa! Mmarekani anasikia mnong'ono asioujua anaogopa. Sisi tunaelewa, kwamba wahenga wanamuonya kijana, na tunaogopa zaidi, maana yule kijana haelewi kitu. Halafu Us ya 2019, Lupita Nyong'o anacheza mama mwenye watoto wawili, na anacheza pia yule aliyekuja kumuua. Sauti ya yule wa pili ni kama mtu aliyekabwa koo, ukiisikia usiku huendi chooni. Sisemi zaidi nisiwaharibie.

Wiki ijayo tunarudi kwenye chanjo ya miezi 9, kuna maswali mengi sijayajibu. Leo naingia zamu, nikitoka kesho naiangalia Us mara ya nne. Mume wangu ameshaniaga, anasema ataenda kulala kwa kaka yake Buhongwa.