Mti Uliokatwa Huacha Deni

Mwenye shamba akiulizwa kwa nini amekata miti yake yote kwa mara moja, mara nyingi hujibu, “Mti ni wangu, na shamba ni langu.” Jawabu hilo lina haki nusu tu. Mti ni wake kweli, lakini maji ya kijito kilicho chini ya shamba ni ya jirani pia, na udongo unaochukuliwa na mvua ni urithi wa watoto wake.

Kwa sababu hiyo Serikali ya Kenya ilitoa kanuni za misitu ya mashambani mwaka 2009, chini ya Sheria ya Kilimo. Kila mwenye ardhi ya kilimo alitakiwa kutunza miti katika sehemu isiyopungua asilimia 10 ya shamba lake. Hakulazimishwa kufanya msitu mahali pamoja. Aliweza kuipanda kwa mpango wowote ufaao, hata juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko. Lakini miti inayodhuru chemchemi, mazao au majirani haikuruhusiwa. Sheria ya Kilimo ilibadilishwa na nyingine iliyotungwa mwaka 2013, ila wajibu haukuondoka. Kifungu cha 69 cha Katiba ya mwaka 2010 chaitaka Serikali ifikishe miti asilimia 10 ya nchi, na champasa kila mtu kushirikiana nayo katika kuhifadhi mazingira.

Asilimia 10 si kubwa kama inavyosikika. Na lichukuliwe shamba la eka 2. Sehemu yake ya kumi ni kama mita za mraba 809. Miti ikiachana mita 3 kila upande, hapo patatosha miti 90 hivi. Ikipandwa mipakani na kwenye matuta, mahindi hayatapoteza nafasi kubwa.

Shida huja siku ya karo. Mzazi asiye na ng’ombe wa kuuza huwaita wenye misumeno; fedha hupatikana, visiki hubaki. Hakuna awezaye kumlaumu kwa kumsomesha mtoto. Kosa ni kukata yote hali hana mche hata mmoja kitaluni. Mtoto wa pili atakapofika sekondari, baba atauza nini?

Yafaa basi aoteshe miche kwanza, kisha akate sehemu tu, na kupanda mvua za masika zinapoanza. Kwa kila mti mmoja apande miwili, maana ukame, mchwa na mbuzi watachukua fungu lao. Karibu na chemchemi asipande mkaratusi, kwa kuwa hunywa maji mengi. Ukambani mukau wafaa sana, kwani huvumilia ukame na mbao zake ni nzuri. Na kabla ya shoka kuinuliwa, aulize kwanza katika ofisi ya misitu iliyo karibu, asije akashikwa njiani na mbao zisizo na kibali.

Akiba haiozi, wazee walisema; lakini ya miti humfaa yule tu anayeirudishia alichotoa.