Ukungu Usidharauliwe

Mtu auonapo ukungu juu ya kiatu chake wakati wa masika huupangusa kwa chuki, wala hafikiri kwamba kitu dhaifu kama hicho chaweza kuijua tarehe ya nchi. Nami nakuambia, msomaji, chaijua.

Ukungu ni katika jamii ya kuvu, na kuvu huzaa kwa mbegu ndogo mno zisizoonekana ila kwa hadubini. Ganda la mbegu hizo ni gumu. Zikifunikwa na tope hudumu maelfu ya miaka. Ziko za kuvu ziotazo juu ya majani ya msitu wenye unyevu, na ziko za kuvu ziotazo katika mavi ya wanyama. Ukizihesabu tabaka kwa tabaka utajua lini palikuwa na msitu, lini mbuga. Ndivyo wataalamu walivyolisoma tope la ziwa Challa, chini ya Kilimanjaro. Mwaka 2011 walitangaza habari za miaka 25,000.

Sasa njoo Lamu. Simama Takwa, kisiwani Manda, katika magofu ya mji ulioachwa karne ya 17, uulize kwa nini. Utajibiwa: vita na Pate, au, visima viliingia chumvi. Sikatai. Lakini atoshekaye na vita peke yake asema nusu ya neno, na ubaya wake ni kuwa haitafuti nusu ya pili. Tope la ziwa Naivasha limeonyesha ukame tangu 1380 hata 1420, na mwingine 1560 hata 1620. Shanga, kisiwani Pate, uliachwa yapata 1425. Je, ukame ndio uliowahamisha watu wake? Hapana ajuaye, kwani Naivasha iko mbali bara, na mvua ya bara si mvua ya pwani. Twahitaji tope la hapa hapa, la mikokoni.

Na tope hilo twalifanyaje? Gati ya kwanza ya bandari mpya ilifunguliwa mwaka 2021, baada ya mikoko kukatwa na bahari kuchimbwa. Wavuvi walishtaki, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia. Tope halikuwa na wakili.

Utasema, mambo ya kale yatamfaa nini mtu wa Lamu? Maji anywayo ni mvua iliyolala chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Atoaye ruhusa ya kuchimba visima na kujenga hoteli, naye hajui ukame wa pwani hii waweza kudumu miaka mingapi, abahatisha kwa kiu ya watu wengine. Basi kabla gati nyingine haijachimbwa, bomba moja la tope na litolewe mikokoni, likahesabiwe.