Kabla ya kununua kisomeo, tazama kwanza unachosoma

Leo naomba nianze kwa kukiri kosa.

Miaka miwili iliyopita mpwa wangu, kifungua mimba wa dadangu, alipata nafasi katika chuo kikuu. Ukoo mzima ulifurahi. Wengine walimnunulia sanduku, wengine blanketi na sufuria. Mimi mjomba mtu nikataka zawadi yangu iwe ya kipekee. Zamu yangu katika chama ilikuwa imefika, basi nikachukua zaidi ya nusu ya pesa hizo nikamnunulia kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, chenye kioo cha inchi 6 na chepesi kuliko daftari. "Mkubwa, hiki kinabeba maelfu ya vitabu," muuzaji alinihakikishia. Sikuuliza swali jingine.

Msichana alikipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, Mjomba," akasema, na mimi nikarudi nyumbani kifua mbele.

Krismasi iliyofuata niliwatembelea. Nilimkuta sebuleni akidurusu, mbele yake rundo la karatasi zilizochapishwa, nene kama tofali. Nikamuuliza kifaa changu kiko wapi. Akainamisha kichwa. Dadangu ndiye aliyejibu, "Kiko kabatini. Tangu mwezi wa pili hajakigusa."

"Usikasirike, Mjomba," mpwa wangu akasema kwa sauti ya chini. "Noti tunazopewa na wahadhiri ni za PDF, na nyingi ni kurasa za vitabu zilizopigwa picha. Kwa kioo kile maandishi huwa madogo kama chungu. Nikiyakuza, lazima nisukume ukurasa huku na huku ndipo nimalize mstari mmoja. Michoro ya rangi nayo hutokea kijivu."

Kumbe muhula mzima alikuwa akichapisha noti katika duka la kompyuta karibu na chuo, na pesa alizolipia karatasi zilikuwa za chakula cha mchana. Hakutaka kuniambia kwa sababu aliona ni utovu wa heshima kulalamikia zawadi.

Msomaji wangu, kifaa kile hakikuwa kibovu. Kilikuwa kizuri sana, ila hakikumfaa aliyepewa. Tangu siku hiyo kila anayeniuliza ni kisomeo kipi bora, nami humuuliza, "Wewe husoma nini?"

Wino usiomulika

Huenda kuna wasomaji ambao hawajawahi kukishika kifaa hiki, ambacho hapa nakiita kisomeo. Kwa umbo kinafanana na simu kubwa, lakini kioo chake ni tofauti kabisa. Kioo cha simu hukurushia mwanga machoni. Kioo cha kisomeo kina vidonge vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na ndani yake mna chembe nyeupe na nyeusi. Umeme huzisukuma chembe hizo juu au chini hadi zinapochora herufi. Herufi zikishachorwa hukaa hapo bila kutumia umeme hadi ugeuze ukurasa.

Teknolojia hii ilianzia katika maabara za chuo cha MIT nchini Marekani, na kampuni ya E Ink ikaundwa mwaka wa 1997 ili kuiendeleza. Sony waliuza kisomeo cha aina hiyo nchini Japani mwaka wa 2004. Novemba 2007 Amazon wakaleta Kindle kwa dola 399, na mwaka wa 2010 Kobo wa Canada wakaingia sokoni.

Kutokana na wino huo unapata faida mbili kubwa. Betri hukaa wiki kadhaa kabla ya kuchajiwa tena, jambo ambalo anayeishi mtaa wenye stima ya kupotea-potea atalithamini. Pia unaweza kusoma juani, ukingoja matatu kituoni, bila kukodoa macho. Hasara ni kwamba kioo hiki ni kizito kubadilika, hakifai video, na kwa visomeo vingi hakina rangi. Mwaka wa 2024 Kobo na Amazon walianza kuuza visomeo vya rangi, lakini rangi zake zimefifia ukilinganisha na za simu.

Maji na fremu

Sasa turudi kwa swali letu. Vitabu vya kielektroniki huja kwa miundo mbalimbali, lakini miwili ndiyo utakayokutana nayo zaidi: EPUB na PDF.

EPUB ni kama maji. Ukiyatia katika kikombe yanajaa kikombe, ukiyatia katika beseni yanachukua umbo la beseni. Kwenye kioo kidogo maneno hujipanga upya yakaenea, na ukikuza herufi mistari hujigawa yenyewe.

PDF ni kama picha iliyotiwa kwenye fremu. Ukurasa ulipangwa kwa karatasi ya kawaida ya ofisi, na hivyo ndivyo utakavyobaki. Ukiuleta kwenye kioo cha inchi 6 unapungua wote, pamoja na herufi. Hapo ndipo mpwa wangu alipokwama.

Basi, ukiwa msomaji wa riwaya, hadithi fupi, tawasifu au vitabu vya dini, kisomeo cha inchi 6 au 7 kitakutosha na utakifurahia. Ukiwa mwanafunzi wa uhandisi, udaktari au hesabu, mwenye noti za PDF, michoro na majedwali, unahitaji kioo cha inchi 10 hivi. Visomeo vya ukubwa huo vipo, lakini bei yake yaweza kuwa mara tatu ya vile vidogo. Kwa wanafunzi wengi tableti ya kawaida, hata ya mkono wa pili, ndiyo itakayofaa zaidi, ingawa itachosha macho na kumaliza betri upesi.

Kwa watoto wadogo kisomeo cheusi na cheupe hakifai sana. Hadithi zao ni picha kwanza, maneno baadaye. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka wa 2014, una hadithi nyingi za bure zenye picha za rangi, zikiwemo za Kiswahili na lugha nyingine za Kenya. Hizo zisomeeni kwa simu ya mama au baba, mtoto akiwa pajani.

Vitabu utavitoa wapi?

Swali la pili ni hili. Kindle imefungamana na duka la Amazon, na Kobo ina duka lake, ingawa husoma EPUB moja kwa moja. Tangu mwaka wa 2022 Amazon huruhusu faili za EPUB kutumwa kwenye Kindle kupitia huduma yake ya kutuma, ambapo hubadilishwa muundo. Ipo pia programu ya bure ya kompyuta iitwayo calibre ambayo hugeuza miundo mingi, mradi kitabu hakijafungwa kwa kufuli ya muuzaji.

Hapa Nairobi kuna eKitabu, wanaouza vitabu vya kielektroniki vikiwemo vya shule. Mzazi, kabla hujalipa popote, uliza kitabu hicho kitafunguka kwenye kifaa gani. Kuna vitabu ambavyo hufunguka tu ndani ya programu ya muuzaji. Programu ya namna hiyo huingia kwenye simu ya Android au kompyuta, lakini huwezi kuiweka kwenye Kindle ya kawaida. Wazazi watakaonunua kisomeo kwa ajili ya vitabu hivyo watajikuta na sahani nzuri isiyo na chakula.

Wapenzi wa Kiingereza cha zamani wana bahati. Project Gutenberg, ulioanzishwa mwaka wa 1971, una vitabu zaidi ya 70,000 vya bure ambavyo muda wa hakimiliki yake ulikwisha huko Marekani. Wapenzi wa riwaya za Kiswahili, kwa upande wetu, bado tuna njaa. Orodhesha vitabu kumi unavyotaka kusoma mwaka huu, kisha vitafute kimoja kimoja. Ukivikosa vinane, afadhali pesa zako uzipeleke kwa muuza vitabu wa karatasi.

Ukinunua, si chako chote

Jambo hili wauzaji hawalitaji. Kitabu cha karatasi ukishakilipia ni mali yako. Utakiazima jirani, utamrithisha mtoto, utakiuza kwa wale wanaotandaza vitabu kando ya barabara. Kitabu cha kielektroniki kwa kawaida umepewa ruhusa ya kukisoma tu.

Mwaka wa 2009 Amazon walifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwa Kindle za wateja waliokuwa wamevilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa pesa, na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Mwaka wa 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikatoweka, ingawa nao walirudisha pesa. Februari 2025 Amazon wakaondoa njia iliyowawezesha wateja kupakua vitabu vyao kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Sisemi usinunue. Nasema vile vitabu vya kudumu nyumbani, ambavyo watoto watavirudia-rudia, bado karatasi ni bora.

Dukani

Sasa umeamua. Usibabaishwe na sifa za uwezo wa kuhifadhi. Riwaya isiyo na picha huchukua nafasi ndogo sana, na GB 16 zitabeba maelfu ambayo hutayamaliza maishani. Angalia mambo haya badala yake. Je, kina taa ya ndani, ya kukuwezesha kusoma usiku? Je, kinastahimili maji? Je, herufi zake ni kali? Vioo vizuri vya sasa huwa na nukta 300 kwa kila inchi.

Kuhusu bei, mwaka wa 2024 Kindle ndogo yenye matangazo iliuzwa Marekani kwa dola 110 hivi. Kwa shilingi 129 kwa dola hiyo ni kama Sh14,000, kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Ukiona kipya kinauzwa nusu ya hapo, jihadhari. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi.

Kile cha mkono wa pili kina hatari yake. Kiwashe mbele ya muuzaji, na uhakikishe kimeondolewa katika akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Kisomeo kilichoibwa chaweza kufungiwa na kampuni, ukabaki na kibao cha kukatia vitunguu. Tazama pia kama kioo kina mistari au madoa yasiyotoka. Shirika la Worldreader, lililoanza kupeleka visomeo shuleni Ghana mwaka wa 2010, liligundua mapema kwamba kuvunjika kwa vioo ni tatizo kubwa. Basi weka hesabu ya kifuniko kigumu ndani ya bajeti yako.

Jaribu kwanza bila kulipa

Ushauri wangu mkuu hautakugharimu chochote ila bando kidogo. Programu za Kindle, Kobo na Google Play Books huwekwa kwenye simu bure. Chukua kitabu kimoja cha bure, ukisome kwa simu kwa mwezi mmoja hadi mwisho.

Ukikimaliza lakini macho yakawa yanakuwasha, au ujumbe wa simu ukawa unakukatiza kila ukurasa, basi kisomeo kitakufaa na utakuwa na sababu ya kukilipia. Ukikimaliza bila taabu, simu yako inatosha, hifadhi pesa zako. Usipokimaliza kabisa, usidhani kifaa cha maelfu ya shilingi ndicho kitakachokuletea hamu. Jembe jipya halimfundishi mtu kupenda shamba.

Na anayenunua zawadi amwombe mpokeaji amwonyeshe vitu vitatu alivyosoma mwezi uliopita. Laiti ningeuliza hivyo, mpwa wangu hangelala njaa.

Hata hivyo, kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Mimi na dadangu tulichanga tukamnunulia msichana tableti ya inchi 10 iliyotumika, na sasa noti zake zote zimo humo. Kisomeo nikakipeleka mashambani kwa mama yetu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ambaye alikuwa ameacha kusoma kwa sababu herufi za vitabu zilikuwa zimemshinda hata kwa miwani. Nilimwekea riwaya za Charles Dickens kutoka Project Gutenberg, nikamwonyesha jinsi ya kukuza maandishi. Aliyakuza hadi ikabaki mistari minane tu kwenye kioo, akatulia.

Juma lililopita alinipigia simu saa tatu usiku. Nilishtuka nikidhani ni mgonjwa. "Mwanangu," akasema, "stima imepotea huku tangu jana, na mimi nimebakiza sura mbili. Hii taa itakaa?"

Nikamwambia, "Itakaa, Mama. Soma."

Jumapili njema, msomaji. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.