Isebania Haikukosa Historia

Sentensi moja imenikera tangu tulipoanza kupokea makala za toleo hili la miji ya mpakani. Imeandikwa kwa namna mbalimbali, ila maana ni ile ile: Isebania haina historia, ina mpaka tu. Mwandishi hufika, hutafuta gofu la ngome au kanisa kongwe, hutazama vilima vya Tarime ng'ambo ya pili, Tanzania, kisha hugeuza gari kwenda Thimlich Ohinga, ambako kuta za mawe zilizojengwa bila udongo wala saruji ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Thimlich inastahili sifa zote hizo, na picha zake zimo humu. Lakini huo "mpaka tu" ndio kumbukumbu kubwa kuliko zote katika kaunti ya Migori, na tunaipita kila siku bila kuisoma.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari ulioishia pale latitudo ya nyuzi moja kusini inapokutana na Ziwa Viktoria. Wapimaji wao walikuja baadaye, kati ya 1904 na 1906. Mstari ukawapasua Wakuria: hadi leo koo za Abairege na Abanyabasi ziko Kenya na ziko Tanzania. Tazama kigingi cha mpaka kilichosimama shambani, mahindi yamekizunguka pande zote. Anayepalilia hapo ana shangazi upande wa pili, na ng'ombe wa mahari walishavuka zamani.

Kisha ikaja Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Karibu miaka saba! Watu waliendelea kuoana na kuzikana. Walipita wapi? Kwenye njia za panya, zile zile ambazo magazeti yetu huzitaja penye habari za magendo na wizi wa mifugo pekee. Magendo yalikuwapo na yapo, sibishi. Lakini njia hizo zilipitisha maharusi na wafiwa pia, na mwanahistoria anayemwachia polisi aziandike peke yake ameitupa nusu ya kazi yake.

Ndiyo maana makala ndefu kuliko zote humu inahusu soko, ambako bei ya gorogoro la mahindi hutajwa kwa shilingi mbili, ya Kenya na ya Tanzania, kwa pumzi moja. Makala ya machimbo ya Macalder ni nzuri na fupi. Ile ya tumbaku ingewasikiliza zaidi wakulima. Kuhusu kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji, msomaji atapata maelezo ya kutosha ya majengo. Mimi ningetaka zaidi habari za watu waliovuka kabla hayajajengwa.

Aliyekuwa na miaka ishirini mpaka ulipofungwa sasa anakaribia sabini. Wahifadhi wa kaunti waende kwa wazee hao mwaka huu, Isebania na Sirari ya upande wa Tanzania kwa pamoja, wawarekodi kwa Kikuria, na njia walizopita zichorwe kwenye ramani ya urithi kwa majina waliyozipa wenyewe. Kurasa za toleo lijalo nimeshazitenga kwa ajili yao.