Fundi wa kompyuta, weka seva yako mwenyewe (ila usiiweke dukani)

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu nizungumze na mafundi wa kompyuta, hasa wale wenye vyumba vidogo hapa Kakamega mjini, na wenzao wa Mumias, Butere na Malava. Wateja wenu siku hizi ni shule, zahanati za kibinafsi, ofisi za mawakili na saiba. Printa ikigoma au fomu ya iTax ikikataa kufunguka kwenye Excel, wanapiga simu. Zamani ulipanda matatu hadi Butere, nusu ya siku ikaisha, kumbe kazi yenyewe ilikuwa kubofya mara tatu. Ndiyo maana mafundi wengi sasa wana programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mteja wakiwa wamekaa dukani.

Maoni yangu ni haya: fundi anayefanya kazi hiyo kila siku awe na seva yake mwenyewe ya usaidizi wa mbali. Lakini sababu yangu ni tofauti na ile ninayoisikia kila mara.

Wengi hutaja pesa. TeamViewer na AnyDesk ni bure kwa matumizi ya binafsi tu. Ukilipwa kwa kazi yako unatakiwa kununua leseni. Fundi anatumia ile ya bure, programu inashuku kuwa hii ni biashara, inakata mawasiliano katikati ya kazi, na mteja anabaki kwenye simu akiuliza, "Sasa fundi, umeenda wapi?" Tuseme ukweli, hapo hakuna dhuluma. Masharti uliyakubali mwenyewe, ingawa hukuyasoma (nani huyasoma?). LogMeIn nayo ilikuwa na toleo la bure lililopendwa sana na mafundi, likafutwa Januari 2014. Riziki ukiijenga juu ya bure ya mtu, siku akiiondoa huna wa kumlalamikia.

Kinachonisumbua mimi ni funguo. Fundi akishaweka programu kwenye kompyuta ya mhasibu wa shule, mara nyingi huacha nywila ya kudumu ili siku nyingine aingie bila kumsumbua mtu. Anafanya hivyo pia kwa daktari na kwa wakili. Baada ya miaka miwili ana kompyuta 60 anazoweza kuzifungua usiku wa manane: karo za wanafunzi, majina ya wagonjwa, hati za mashamba. Orodha yote hiyo imekaa kwenye akaunti moja, tena akaunti ambayo vijana wa chuo waliokuja kujifunza kazi kwa miezi mitatu wanaijua. Nimewahi kuona nywila ya namna hiyo imeandikwa ukutani kwa kalamu nene, juu kidogo ya bei za kupiga chapa.

Tena akaunti hiyo iko kwenye kampuni ambayo wezi wa mtandaoni wanaitamani kila siku, kwa sababu ukiivunja moja umepata mamilioni. Tarehe 2 Februari 2024 AnyDesk walitangaza kwamba seva zao zimeingiliwa, wakafuta vyeti vyao vya usalama na nywila zote za tovuti yao ya wateja. Juni mwaka huo huo TeamViewer nao walitangaza kuingiliwa kwa mtandao wa ofisi zao, ingawa walisema mifumo ya wateja haikuguswa. Sisemi kampuni hizi ni za hovyo. Zina wataalamu kuliko sisi sote hapa mjini. Ninasema hazina tajiri hulengwa na wezi wakubwa, na fundi wa Kakamega hana haja ya kuweka funguo za wateja wake humo.

Sasa seva yenyewe inafanya nini? Kompyuta ya mteja haina anwani yake ya wazi kwenye intaneti. Iko nyuma ya rauta, na kama anatumia laini ya simu, mara nyingi yuko pia nyuma ya mitambo ya kampuni ya simu, anashiriki anwani moja na watu wengine wengi. Kompyuta mbili za namna hiyo haziwezi kutafutana zenyewe, zinahitaji mahali pa kukutania. Katika RustDesk, ambayo ni programu huria, kazi hiyo imegawanywa mara mbili. Sehemu iitwayo hbbs huziambia kompyuta mbili mahali zilipo ili zijaribu kuongea moja kwa moja. Zikishindwa, hbbr hupokea data za upande mmoja na kuzipitisha upande wa pili zikiwa zimefungwa kwa siri. Unafungua porti za TCP 21115 hadi 21117, na 21116 ya UDP pia, unampa mteja programu yenye anwani ya seva yako na ufunguo wake wa wazi, basi. Seva ya bure haina ukurasa wa usimamizi. Huo uko kwenye toleo la kulipia.

Chaguo la pili ni MeshCentral, iliyoandikwa na Ylian Saint-Hilaire alipokuwa Intel. Unaiendesha kutoka kwenye kivinjari, na kompyuta za wateja huifikia kwa porti 443, ile ile ya tovuti za kawaida, kwa hiyo hata mtandao wa shule uliobanwa huiruhusu mara nyingi. Kwa mteja wa simu moja ya dharura mimi napenda RustDesk. Kwa shule au zahanati uliyo na mkataba nayo, MeshCentral bila kusita, kwa sababu unaweza kuweka hatua ya pili ya uthibitisho baada ya nywila, na kuilazimu imwombe aliyekaa mbele ya skrini ruhusa kabla hujaingia.

Seva usiiweke dukani. Najua kuna kompyuta kuukuu chini ya meza inayoweza kuibeba bila shida. Lakini huu ni mji wa mvua ya alasiri na radi, na fundi ndiye anajua zaidi ni rauta ngapi huletwa baada ya ngurumo moja. Stima nayo ni hadithi nyingine. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Siku kama hiyo zahanati yenye jenereta inaendelea na kazi na seva yako imelala. Halafu kila data inayopitia hbbr hutumia laini yako mara mbili, kuingia na kutoka.

Kodisha seva ndogo kwenye kampuni ya huduma hiyo. Dola 4 hadi 6 kwa mwezi zinatosha, yaani kama shilingi 500 hadi 800. Ukiweza kulipa zaidi kidogo, itafute iliyo Nairobi. Seva ya Ujerumani ina kuchelewa kwa zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, na kipanya kinakuwa kama kinavutwa kwenye matope. Isitoshe, tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya kwenda nje ikawa ya kubembelezwa. Mawasiliano ya Kakamega na Mumias hayana sababu ya kuvuka bahari.

Hapa ndipo sisi washabiki wa kujiendeshea seva hupenda kunyamaza. Februari 2024, wiki chache baada ya habari za AnyDesk, liligunduliwa tundu kwenye ScreenConnect, programu nyingine ya usaidizi wa mbali inayopendwa na mafundi wa Marekani. Mtu yeyote aliweza kuufungua tena ukurasa wa kuweka seva kwa mara ya kwanza, akajiandikisha kuwa msimamizi. Ukali wake ulipewa alama 10 kati ya 10. Waliokuwa wanatumia seva za kampuni walizibiwa na kampuni. Walioumia ni wale wenye seva zao wenyewe, ambao walitakiwa kuziba wenyewe, na wezi walianza kuingia ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo kama huna nusu saa kila wiki ya kusasisha Linux na programu yenyewe, lipia leseni ya kampuni na ulale. Nasema hivyo bila kejeli. Seva iliyosahauliwa ni mbaya kuliko akaunti yenye nywila ukutani.

Na usidhani udogo wa duka unakuficha na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mwenye data, mathalani shule, saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data akijua kwamba data zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe. Anayemfanyia kazi juu ya data hizo anatakiwa kumwarifu mwenye data bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana. Fundi anayeingia humo na kunakili faili asijione mpita njia.

Ukishaamua, anza kwa kufuta. Toa nywila za kudumu kwenye kompyuta zote ambazo huna mkataba nazo, hata kama mwenyewe hajali. Kijana akimaliza mafunzo, akaunti yake ife siku hiyo hiyo. Kwenye RustDesk kuna faili mbili ndogo, id_ed25519 na id_ed25519.pub, ambazo ndizo ufunguo wa seva. Zikipotea itabidi uzungukie wateja wote, mmoja mmoja, kuwabadilishia, na hapo nauli za Butere zinarudi zote kwa mpigo. Zinakili kwenye flashi mbili, na moja isilale dukani.